Mlinda lango alikosea nini? Kisa cha mswada mmoja kutoka Bweyale

Huu mswada nimekaa nao muda sasa, na nimeona niandike kisa chake chote hapa manake vijana wengi wa Uganda siku hizi wanaandika stori za wafalme na uchawi, na wengi wao wanakwama palepale alipokwama huyu binti. Ni binti amemaliza S.6, yaani kidato cha sita, kwao ni Bweyale, nitamwita kwa empaako yake tu, lile jina la heshima la kuitana, Abwooli, hiyo wanayo maelfu ya watu Bunyoro na Tooro, falme za magharibi mwa Uganda, kwa hiyo haimfichui. Bweyale kwa asiyepajua ni mji wa Kiryandongo kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, utakuta Wanyoro, Waacholi, Walugbara, wakimbizi wa Sudan Kusini na wa Kongo, wote wako hapo, na ndio maana anaandika kwa Kiswahili, kwa sababu darasani kwake hiyo ndiyo lugha waliyokuwa wanacheka nayo wote.

Riwaya yenyewe ni fantasia ya vijana, ufalme, siri ya ukoo, binti mfalme aliyefungiwa, mtoto aliyetupwa mtoni akapona, mwisho mtoto anarudi anamuua mfalme dhalimu, ambaye zamani alikuwa mlinda lango tu, anakaa kwenye kigoda na ngoma ya kifalme inalia yenyewe bila kuguswa na mtu. Alikuwa anatuma chapta mojamoja kwa WhatsApp kwa wenzake wa shule, wakawa wanazisubiri kweli. Alipotuma ya mwisho wakafurahi wote isipokuwa kijana mmoja ambaye aliuliza swali moja tu: kwani yule mlinda lango alikosea nini mwanzoni? Abwooli akaniandikia usiku, "Anti, nimejaribu kumjibu na kila jibu ninalopata linaniharibia kitabu."

Hicho ndicho kisa.

Sasa ili swali lieleweke lazima mjue stori alikoitoa, maana hakuitunga yote, ameijenga juu ya hadithi ya Nyinamwiru ambayo Bunyoro wazee wanaisimulia tangu zamani. Kwa ufupi ni hivi. Mfalme Isaza, wa mwisho wa Batembuzi, ile nasaba ya kwanza ya wafalme kwenye hadithi, aliletewa ujumbe na Nyamiyonga mfalme wa kuzimu, anataka wachanjiane damu wawe ndugu, ule undugu wa kula buni ya kahawa iliyopakwa damu. Isaza akaogopa, akamtuma mtumishi wake Bukuku, mlinda lango, akachanje badala yake. Nyamiyonga alipojua kwamba amechanganya damu na bawabu akaona ametukanwa, akamtuma binti yake Nyamata akamchunguze Isaza anapenda nini, ikaonekana anapenda ng'ombe kuliko kitu chochote, basi akaletewa ng'ombe wazuri ajabu, wakamvuta mpaka kuzimu na hakurudi tena. Kiti kikabaki na Bukuku. Machifu wengi wakamkataa, wakasema hatutawaliwi na mlinda lango, kila mmoja akashika sehemu yake. Halafu waganga wakamwambia Bukuku mjukuu wako atakuja kukuua, naye alikuwa na binti mmoja tu, Nyinamwiru, akamtoboa jicho moja, wapo wasimulizi wanaoongeza na sikio, akamfungia kwenye boma lisilo na njia ila ya kupitia kwake mwenyewe.

Akaja Isimbwa, mtoto wa Isaza aliyezaliwa kuzimu na Nyamata, yuko kwenye mawindo, akasikia habari za binti, kwa msaada wa kijakazi akapanda ngazi akaingia. Akazaliwa Ndahura. Bukuku akaamuru mtoto atupwe mtoni, kitovu kikanasa kwenye miti, akaokotwa na mfinyanzi Rubumbi akalelewa huko, mama yake akawa anampelekea mfinyanzi ng'ombe kwa siri. Kijana akakua mkorofi, anagombana na wachungaji wa mfalme kwenye maji ya chumvi, hataki ng'ombe wake wasubiri, siku Bukuku alipokuja mwenyewe kumwadabisha akamchoma mkuki, akaenda akakaa kwenye kigoda. Ndio mwanzo wa utawala wa Bachwezi, nasaba ya pili.

Abwooli aliifanyia kazi nzuri sana hii stori na lazima niseme, manake watu wakisikia uchambuzi wanafikiri ni kukosoa tu. Binti mfalme wake ndiye anayesimulia, ana miaka kumi na sita, na kwa kuwa ana jicho moja na amefungiwa, dunia yake yote ni ya kusikia, anawajua walinzi kwa milio ya ndala zao, anajua mvua inatoka upande gani kabla haijafika. Kijakazi anapima urefu wa ukuta kwa kamba ya kufungia ndama, anaihesabu kwa mikono huku anaimba wimbo wa kutwanga ili mlinzi asishtuke, nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi na kila mara naona kamba. Kipaji kipo, hakuna ubishi.

Tatizo liko kwenye neno ukweli, kitabu chake chote kinasema ukweli utatoka, ukweli utatoka, na ukweli unapotoka ni kwamba yule kijana wa mfinyanzi ni damu ya mfalme. Basi. Ngoma inalia, watu wanapiga vigelegele, dhuluma imekwisha. Lakini ukiangalia vizuri humo ndani kuna kweli mbili na yeye amezifunga pamoja kama moja. Kuna ukweli wa nani alimzaa nani, na kuna ukweli wa nani alimtenda nani nini. Jicho la Nyinamwiru ni ukweli wa pili. Mtoto kutupwa mtoni ni ukweli wa pili. Kigoda kurudi kwa mjukuu wa Isaza ni ukweli wa kwanza, na yule kijana wa WhatsApp aliona, bila kusoma nadharia yoyote, kwamba kwa ukweli wa kwanza Bukuku ana kosa moja tu, kuzaliwa mtu wa langoni. Alitumwa na bwana wake akachanje damu asiyoitaka, bwana wake ndiye aliyeogopa, bwana wake ndiye aliyefuata ng'ombe akapotea, na bado waliokataliwa ni yeye na watoto wake.

Nilimpa Abwooli jaribio moja na ningependa kila anayeandika stori za mrithi aliyefichwa alifanye. Nilimwambia chukua chapta ya mwisho uiandike upya, Isimbwa awe mwindaji tu, hana baba mfalme, hana kuzimu, ni mtu aliyepita na mbwa wake. Kila kitu kingine kibaki vilevile. Je, mkuki bado ni wa haki? Kama ndio, basi damu ya kifalme haikuhitajika kwenye hesabu ya haki, iko pale kwa urembo. Kama hapana, basi ujue kitabu chako hakipingi dhuluma, kinalalamika tu kwamba maskini amekalia kiti cha tajiri.

Aliandika. Akakasirika sana, nilijua kwa sababu ujumbe wake ulikuja bila salamu. Mkuki ukawa bado ni wa haki, sababu zilitosha kabisa, jicho na mto vinatosha. Lakini chapta ikawa haina ngoma, haina vigelegele, watu wamesimama tu hawajui nani anatawala sasa, na alisema hivyo, "Anti sasa hakuna mfalme." Nikamwambia ndio, umefika mahali penyewe, sasa ndio unaanza kuandika kuhusu utawala, mwanzoni ulikuwa unaandika kuhusu cheti cha kuzaliwa.

Hapa wengine wataniuliza, kwani hadithi ya wazee ina ubaya gani, si ndiyo ilivyo? Na hili linahitaji uangalifu. Hadithi kama hii haikusimuliwa na mfinyanzi. Ilisimuliwa ikulu. Ukiangalia inavyofanya kazi, Isaza anamzaa Isimbwa, Isimbwa anamzaa Ndahura, na mtoto mwingine wa Isimbwa, Kyomya, ndiye anayetajwa kuwa baba wa Rukidi aliyeanzisha ukoo wa Babito wanaotawala Bunyoro mpaka leo. Yaani nasaba tatu, Batembuzi, Bachwezi, Babito, zimeshonwa kuwa uzi mmoja, na yule mlinda lango ni tundu moja katikati ambalo lazima lizibwe. Wanahistoria wengi wanaona kwamba huo uzi ulishonwa kwa makusudi ili watawala wapya waonekane ni wenye nyumba siku zote. Kwa hiyo Abwooli alipoandika ngoma inalia yenyewe, alikuwa anarudia, bila kukusudia, sauti ya ikulu, na msomaji wa miaka kumi na tano anaondoka akiamini kwamba dhalimu ni yule asiye wa ukoo.

Lakini nilimkataza kabisa asiigeuze hiyo hadithi kuwa uongo wa wakubwa tu, na hapa ndipo tuliongea kwa muda mrefu zaidi, manake yeye baada ya kuona hilo alitaka kuvunja kila kitu. Bunyoro haikubaki kuwa ikulu kubwa inayoonea watu. Waingereza walimpiga vita Kabalega, mfalme wa Bunyoro, miaka mingi, wakamkamata 1899, wakampeleka Seychelles, na hakurudi kwenye kiti chake tena, alifia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Ardhi ya kusini na mashariki ikapewa Buganda, ufalme jirani, ndani yake mkiwa na makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Wakaletewa machifu Waganda wawatawale, mpaka 1907 wakagoma, ule mgomo unaoitwa Nyangire, wakasema hatuwataki, wakakamatwa wakafukuzwa. Miaka ya 1930 Omukama, yaani mfalme, Tito Winyi, mtoto wa Kabalega, akachapisha orodha ya wafalme wa Bunyoro-Kitara kwenye jarida la Uganda Journal akitumia herufi K.W. tu. Jamani hebu fikirini, mtu ambaye makaburi ya babu zake yako mikononi mwa wengine anaandika orodha ndefu ya majina kurudi mpaka Batembuzi. Hiyo orodha kwa mkoloni ilikuwa inasema sisi tulikuwepo kabla yenu. Na kaunti mbili za ile ardhi iliyopewa Buganda, Buyaga na Bugangaizi, zilirudi Bunyoro baada ya kura ya maoni ya Novemba 1964. Nyingine hazikurudi.

Kwa hiyo nasaba ileile inayomwambia mtoto wa mlinda lango huna haki ya kiti, ndiyo iliyokuwa silaha ya watu walioporwa wakati hawana bunduki. Zote mbili ni kweli. Abwooli alinyamaza siku kadhaa baada ya hapo, halafu akaniletea wazo ambalo sikumpa mimi: machifu wanaomkataa Bukuku kwenye kitabu chake wawe na sababu mbili kwa wakati mmoja, wengine wanamkataa kwa dharau, na mmoja, mwanamke mzee anayetunza makaburi, anamkataa kwa sababu anaogopa kwamba asiyejua majina ya waliozikwa atawauza. Na Bukuku hawezi kuwatofautisha, anawasikia wote kama watu wanaomcheka. Hiyo chapta ndiyo iliyokiokoa kitabu kwa maoni yangu.

Kuhusu Bukuku mwenyewe nilikuwa mkali kidogo. Alipoanza kumwonea huruma alitaka kulifuta lile jicho, akaandika kwamba binti alizaliwa hivyo. Nikamwambia rudisha. Mtu aliyedharauliwa anaweza kuwa dhalimu, na dharau aliyofanyiwa ni sababu, haigeuki kuwa ruhusa. Msomaji akimwelewa ni vizuri, lakini amwelewe huku anamwona ameshika kile chuma. Waandishi vijana wanapenda kumsafisha mtu mbaya wakidhani ndio ukomavu, na anayelipa siku zote ni yule aliyeumizwa, jeraha lake linafutwa ili mwingine apendeze. Amerudisha, na sasa iko kwenye ukurasa wa pili kabisa, binti anasema tu kilichotokea kwa sentensi fupi halafu anaendelea kuhesabu ndala za walinzi.

Sehemu nyingine iliyokuwa imelala ni mfinyanzi. Kwenye mswada wa kwanza alikuwa na mistari minne, anaokota mtoto, anamlea, anashukuriwa. Nilimuuliza Abwooli huyu mzee anajua? Anajua. Basi naye ni mwongo, miaka yote anamwambia mtoto wewe ni wangu huku anapokea ng'ombe kutoka kwa mama aliyefungiwa. Kwenye kitabu kinachojiita cha ukweli huwezi kumpita huyu. Uongo wa Bukuku unafunga mtu, uongo wa Rubumbi unaokoa mtu, na mtoto akija kujua atakasirikia upi zaidi? Vijana wanaomsoma wengi wamelelewa na shangazi, na bibi, na watu waliokutana nao kambini wakawa wazazi, swali hili wanalijua vizuri kuliko la kigoda. Sasa mfinyanzi ana chapta tatu, kuna moja anafinyanga mtungi huku kijana anamhoji, hamwangalii usoni, anazungusha tu udongo akiweka vipande vya kamba ya udongo juu ya vingine na kulainisha kwa kipande cha kibuyu, na kila swali analijibu baada ya kumaliza mzunguko mmoja. Inachosha kwa makusudi na ni nzuri.

Na hapo ndipo ukorofi wa yule kijana ukapata maelezo. Kwa wazee, kijana kukataa kusubiri kwenye maji ya chumvi ni dalili ya damu, mfalme hajifichi. Abwooli akagundua kwamba ndani ya hadithi yenyewe kuna sababu nyingine imekaa wazi, ng'ombe wa siri. Kijana amekua kwa mfinyanzi lakini ana mifugo kuliko jirani yeyote na hajui inatoka wapi. Mtoto wa namna hiyo atasubiri kwa nini? Kiburi chake kimetoka kwenye ng'ombe ambao mama yake alikuwa anamnyang'anya Bukuku usiku ili amlishe mtoto. Kwa hiyo mapenzi ya mama ndiyo yanayomfikisha babu kwenye mkuki. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatembea ndani ya nyumba.

Swali la uchawi sitalikalia sana. Amepunguza miujiza, kuzimu ipo, ng'ombe wapo, utabiri upo, na nilimshauri aache hayo matatu tu. Ila kwa kitabu cha pili, kama atakiandika, hadithi ya wazee imeshamwachia mlango: Ndahura hakutawala kwa raha, anahusishwa na ndui, utawala wa Bachwezi ukapita kwake mpaka kwa Wamala, wa mwisho wao, halafu wakaondoka, watu wakabaki wanawaomba kama mizimu. Kilima cha Mubende kuna mti mkubwa wa Nakayima, na Nakayima alikuwa kuhani wa Ndahura, watu wanaenda kuomba mpaka leo, na Mubende ni mojawapo ya zile sehemu ambazo hazikurudi. Binti wa miaka kumi na tisa mwenye stori kama hiyo nyuma ya nyumba yao hana haja ya kukopa mazimwi ya watu wengine.

Mwisho wa kitabu sasa hivi uko hivi. Kijana amekaa kwenye kigoda lakini anajua mambo mawili, kwamba yeye ni wa ukoo, na kwamba hilo silo lililompa haki ya kumchoma yule mzee. Mama yake ametolewa bomani. Watu wa langoni, ndugu zake Bukuku, wamekuja kusimama uwanjani wanauliza wao sasa wanafanywa nini, na anayewajibu ni Nyinamwiru, maana hao ni ndugu zake wa damu pia, jambo ambalo ni rahisi kulisahau: Ndahura naye ni mjukuu wa mlinda lango.

Kilichobaki ni ngoma. Abwooli bado anataka ilie yenyewe, anasema wasomaji wake wameisubiri tangu chapta ya kwanza na hawezi kuwanyima. Mimi nasema ngoma haijilii. Hata Mujaguzo, ngoma za kifalme za Kabaka kule Buganda, zina watu wa koo zao wanaozilinda na kuzipiga, kwa hiyo tuonyeshe mkono wa mpigaji, tujue ni nani aliyeamua kwamba huyu ndiye mfalme na kwa nini ameamua hivyo. Ameniandikia aya mbili za namna hiyo, mpigaji ni yule mwanamke anayetunza makaburi, na anasita kabla ya kupiga. Hajaamua kama ataziweka, na sitamlazimisha.